Gari Lilikuwapo, Dereva Alikuwapo

Ukitaka kumjua Mama Sindano usimtazame usoni, maana uso wake hauambii mtu kitu. Mtazame mikono. Kidole gumba cha kulia kina ngozi ngumu kama soli ya kiatu, na ukucha wake umepasuka katikati tangu siku sindano ilipoingia upande huu ikatokea upande wa pili. Kazi yake ni kushona midomo ya magunia kwenye ghala la nafaka. Vibarua wanajaza, mpimaji anapima, yeye anafunga. Mishono kumi na miwili kwa gunia, masikio mawili ya kushikia, kisha uzi wa katani unakatwa kwa meno. Gunia lake hata lidondoke kutoka juu ya lori halimwagi punje, na wanunuzi wa mbali walizoea kuuliza kabla ya kupima: haya kashona nani?

Maneno mengi hayapendi. Alikuwa akisema mwenye maneno mengi hufunga gunia bovu. Ndiyo maana huwa nacheka, kicheko cha uchungu, nikikumbuka kwamba mtu huyu ndiye tuliyemfanya msemaji wetu. Nasema tuliyemfanya kwa sababu nilikuwamo. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya mnara, kwa sifa moja tu ya kuwa na mwandiko mzuri. Na kabla ya kuwa katibu wa mtu yeyote nilikuwa rafiki wa binti yake wa pekee. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, tukasukana nywele, tukaazimana nguo, hadi watu wakatuita pacha. Mama Sindano aliniita mwanangu, nami nikamwita mama, na sikuona tofauti kubwa kati yake na yule aliyenizaa.

Kabla ya mnara, mtandao wa kijiji chetu ulikuwa jiwe. Lilikuwa juu ya kilima nyuma ya shule, bapa, la kutosha kulala watu wawili, na ukipanda juu yake ukaelekea bondeni simu ilipata vijiti viwili. Ukishuka hatua moja huna kitu. Basi tulipanga foleni. Aliyekuwa jiweni alipiga kelele, kwa kuamini kwamba aliye mbali hasikii asipopigiwa kelele, na sisi wa foleni tulimsikiliza huku tukijifanya tunatazama ndege. Siri ya mtu ilikuwa siri ya foleni. Fundi cherehani mmoja alimbembeleza mchumba pale kwa wiki tatu, na siku alipokataliwa tulianza kumpa pole kabla hajakata simu.

Siku rafiki yangu aliposhikwa na uchungu hakukuwa na foleni. Ulikuwa msimu wa kupanda, watu wote wako shambani. Mwanaume aliyempa mimba alikuwa amekwenda kutafuta kazi, na inaelekea kazi ndiyo iliyompata yeye, maana hakuonekana tena. Mkunga wa kijiji alimpapasa tumbo, akatikisa kichwa, akasema mtoto amekaa vibaya, huyu ni wa zahanati, tena upesi. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja kwa gari. Na gari lilikuwapo: moja, jeupe, la wagonjwa, na dereva wake analipwa mshahara ili aliendeshe. Simu yenye chaji ilikuwa yangu. Tukapanda kilima, mimi na mama, saa mbili asubuhi.

Mara ya kwanza dereva alipokea. "Nakuja, mama. Nipe nusu saa."

Saa nne alipokea tena. Nyuma yake nilisikia mabati yakigongana, kama yanapangwa juu ya kitu. Akasema yuko njiani. Saa sita alisema gari limesumbua kidogo, na mtu mwingine hapo alipo akaangua kicheko. Mara ya nne mama alinipa simu niongee mimi, kwa sababu sauti yake ilikuwa imekauka.

"Kaka," nikasema, "huku mtu anakufa."

"Dada, watu wanazaa kila siku," akasema. "Mwambie asukume." Akakata.

Gari lilifika saa kumi jioni, zima kabisa, halina hata pancha. Sakafu yake ilikuwa na mikwaruzo mipya ya mabati, na hakuna aliyehitaji kuuliza mabati yalishushwa kwa nani, kwa sababu nyumba ya mwenyekiti wa kijiji ilipauliwa wiki ile ile. Mtoto alikuwa ameshatoka, wa kike, mzima, analia. Rafiki yangu alikuwa ameshafunikwa shuka. Dereva akavua kofia, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Mama Sindano aliingia ndani kumwosha mwanawe.

Baada ya mwezi mmoja alikuja kwangu na karatasi mbili safi. "Andika, mwanangu," akasema. Nikaandika malalamiko kwenda ofisi ya wilaya: dereva ni fulani, simu zilipigwa saa fulani na saa fulani, majibu yake ni haya. Akaweka dole gumba. Hakutaka fidia, na niliposhauri tuitaje alinikazia macho hadi nikaifuta. "Nataka aitwe," akasema. "Aulizwe mbele za watu alikuwa wapi, na ajibu. Basi." Tangu siku hiyo sijawahi kumsikia akitaka kitu kingine chochote hapa duniani.

Tukaambiwa uchunguzi unaendelea. Mtoto akaota meno, uchunguzi unaendelea. Akasimama, akatembea, akaanza kumwita bibi yake kwa jina la kazi kama anavyosikia kwa watu, na uchunguzi ukawa bado unaendelea.

Mwaka wa pili ndipo zikaja habari kwamba kampuni ya simu inatafuta vijiji visivyo na mawasiliano ili ivijengee minara. Mwenyekiti akaitisha mkutano. Mwenyekiti wetu ni mtu mwenye ulimi, angeweza kumuuzia samaki maji na samaki akashukuru. Akatueleza kwamba vijiji viko arobaini na minara haizidi mitano, na atakayepata ni mwenye shida kuliko wenzake. Wakijua tuna jiwe watasema hawa wanalo la kwao, twende kwingine.

"Kwa hiyo, ndugu zangu," akasema, "jiwe halipo."

Tukapiga makofi. Naapa tulipiga makofi. Tukainua mikono kupitisha kwamba jiwe halipo, nami nikaandika kwenye muhtasari wa kikao, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba jiwe halipo. Ulikuwa mjadala wa dakika tano. Mwaka ule ule tulibishana siku mbili juu ya rangi ya mlango wa choo cha shule.

"La pili," mwenyekiti akaendelea, "kila kijiji kitapeleka kilio chake. Na sisi, jamani, kilio tunacho." Watu wote wakageuka nyuma, alikokuwa amekaa Mama Sindano na mtoto mgongoni.

Jioni tukaenda kwake, mwenyekiti mbele, mimi nyuma na daftari. Chumba chake nakijua kama changu. Kitanda kimoja, magunia mabovu yamekunjwa yakawa godoro la mtoto, sindano zake tatu zimechomekwa kwenye kipande cha sabuni zisishike kutu. Mwenyekiti alikaa kitandani bila kukaribishwa.

"Mama," akasema, "mficha uchi hazai. Toa msiba wako hadharani, utuzalie mnara."

Alilitamka neno hilo, kuzaa, katika chumba kile kile, juu ya kitanda kile kile. Sikumkemea. Nilifungua daftari.

"Nitasema," mama akajibu. "Nitasema nilipiga simu mara nne na dereva hakuja."

"Hapo ndipo penye ugumu. Ulipigia wapi? Jiweni. Na jiwe halipo."

"Sasa nisemeje?"

"Sema ulitaka kupiga ukashindwa. Hakuna mtandao."

"Na dereva?"

"Dereva ni mtu mdogo, mama. Unadhani kwa nini barua yako imelala wilayani? Hakuna wa kuifuatilia! Mawasiliano hakuna! Tupate mnara kwanza. Siku utakaposimama, mimi mwenyewe nitampigia mkubwa wa wilaya, mbele yako, na huyo kijana ataitwa ajieleze. Nakuahidi kama mwanao."

Mama Sindano akanigeukia mimi. "Wewe unaonaje, mwanangu?"

Kama kuna neno moja ambalo ningetoa chochote nilichonacho nilirudishe kinywani, ni hili nililomjibu: "Ni maneno tu, mama. Hayabadilishi kilichotokea."

Akakubali. Si kwa kumwamini mwenyekiti. Alikubali kwa kuniamini mimi.

Nikamwandikia ushuhuda. Ilinichukua siku mbili, na lazima nikiri kwamba nilifurahia kazi. Nilieleza alivyopanda kilima na simu mkononi, akiinua juu, akishusha, hakuna kitu. Nikaeleza alivyorudi akamwita mwanawe asiitikiwe. Na mwishoni nikaweka sentensi iliyonifanya nijione mwandishi: "Gari lilikuwapo, dereva alikuwapo, ni sauti tu iliyokosekana." Mwenyekiti akaisoma mara mbili, akasema nina kipaji. Niliambiwa dereva naye aliposomewa alifuta macho.

Ujumbe wa kwanza wa kampuni ulipokuja, mama alisimama akasema yote kama anayehesabu magunia. Mgeni mmoja alipiga miayo. Walipoondoka mwenyekiti aligomba sana, akaamuru mazoezi. Wanawake wa kamati wakaanza kumfundisha kulia, yeye ambaye siku ya mazishi hakudondosha chozi mbele ya mtu. Ukifika kwenye "nikamwita asiitike", wakamwambia, nyamaza, hesabu moja hadi tano moyoni, halafu uendelee kwa sauti ya chini. Alikuwa akihesabu, ukiangalia vizuri ungeona midomo ikicheza. Chozi lilipozidi kukataa, mke wa mwenyekiti alileta kitunguu kimefungwa kwenye kitambaa. Kitambaa nilikishika mimi.

Wajumbe walikuja mara kumi na moja katika miaka saba. Wengine walikuja na mashine za kupimia mtandao, na hao tuliwazungusha njia ya chini, tukiwaambia kilimani kuna nyuki wakali waliokwisha kuua punda. Wengine walikuja na kamera. Wale wa kamera ndio walionikomesha, kama kuna kitu kinaweza kumkomesha mtu kama mimi. "Rudia mama, upepo umeingia," wakasema, na mama akarudia kifo cha mwanawe. "Rudia, kuna jogoo kawika." Akarudia. Kisha wakataka amshike mjukuu mapajani, lakini mtoto alikuwa akiichekea kamera, na kicheko kinaharibu picha. Wakasubiri anune. Hakununa. Mwishowe mtu akamfinya pajani kwa chini na mtoto akalia vizuri kabisa. Sitamtaja aliyemfinya, ila hayuko mbali na kalamu hii.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa na miaka saba na hatukuona mwisho wake. Ushuhuda ukaingia kijijini ukawa mali ya wote. Watoto waliucheza kama mchezo, mmoja akiwa Mama Sindano, mwingine maiti, na waligombania kuwa dereva. Mjukuu naye alikuwa humo. Alipofika miaka saba aliujua wote kwa moyo, na bibi yake akiruka mstari alikuwa akimkumbusha kwa kunong'ona. Nilimuuliza mama siku moja kwa nini hamwambii mtoto ukweli, angalau ndani ya nyumba.

"Nitamwambia siku dereva atakapoulizwa," akasema. "Nikimwambia sasa nitampa chuki tupu. Nataka nimpe na jibu."

Mwaka wa saba alikuja fundi mitambo, mwanamke mfupi asiyeogopa nyuki. Tulipomwambia habari za punda alisema yeye si punda, akapanda. Tukamfuata tukihema. Alisimama juu ya jiwe, akatazama mashine yake, akatazama bonde, akacheka hadi akakaa chini.

"Kumbe mnalo jiwe?"

Tukajifanya tunatazama ndege.

"Miaka yote hii tunatafuta mahali panapoona mnara wa ng'ambo ya bonde. Mnara hausimami kipofu, lazima uone mwenzake. Tulishakata tamaa na nyinyi. Mngetuonyesha hapa mwaka wa kwanza, tungejenga mwaka wa kwanza."

Mwenyekiti akacheka, sisi nasi tukacheka, maana mwenye nguvu akicheka hutaki kubaki nyuma. Mama Sindano alikuwa amebeba ndoo ya maji ya kunywa ya wageni. Akaitua taratibu.

"Kwa hiyo ningesema kweli..." akaanza.

"Yamepita, mama," mwenyekiti akamkatiza. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Jiwe walilivunja kwa mitambo siku nne, kokoto zake zikaingia kwenye zege la msingi. Mume wangu aliajiriwa kuwa mlinzi wa mnara, kwa mkono wa mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane tukawa na mshahara ndani ya nyumba. Nilishona vifungo vya sare yake mimi mwenyewe.

Siku ya ufunguzi kampuni iligawa fulana nyeupe zenye sentensi yangu kifuani: ni sauti tu iliyokosekana. Kijiji kizima kikaivaa. Mama Sindano alisema koo linamuuma, hawezi kuzungumza, basi wakampandisha jukwaani mjukuu, miaka tisa, nywele zimesukwa, na akatoa ushuhuda wote bila karatasi. Alipofika kwenye "nikamwita asiitike" alinyamaza, na mimi niliyekaa mbele nikaona midomo yake ikihesabu moja hadi tano. Watu wazima walilia. Kisha dereva akaitwa apokee cheti cha utumishi uliotukuka, na ni mtoto aliyemkabidhi. Dereva alimwinamia akampa mkono, akamwambia mama yako angekuonea fahari. Mtoto akamshukuru. Nilimtazama mama. Alikuwa akipiga makofi kama wengine, kwa sababu alikuwa mstari wa mbele na kamera zilikuwa zikimtazama.

Juma lile lile alimfuata mwenyekiti kumkumbusha ahadi. Mwenyekiti alikuwa na simu sikioni. Siku hizo hakuwa akiitoa. Alimwinulia kidole kwamba asubiri, na mama akasubiri kwenye kizingiti kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Alipomaliza alisema, "Bado na hayo, mama? Nenda mwenyewe basi, ofisi ziko wazi kwa kila raia."

Akaja kwangu. "Twende, mwanangu. Wewe ulisikia kwa sikio lako."

Nikashika paji la uso kama mwanafunzi anayekwepa mtihani. "Nina homa, mama."

"Pole," akasema. "Basi pumzika. Wakikuhitaji watakupigia, si mtandao upo."

Yaliyotokea ofisini nilisimuliwa na yeye. Karani alikuwa binti mwenye adabu, akampa kiti, akatafuta jalada akalipata. Lilikuwa limefungwa siku nyingi. Sababu iliyoandikwa: mlalamikaji mwenyewe amekanusha malalamiko yake hadharani. Mama hakuelewa. Karani akatoa simu yake, akabonyeza, akamgeuzia. Mama akajiona, na mtoto analia mapajani, na upepo kwenye kilemba.

"Huyu si wewe, mama?"

"Ni mimi."

"Hapa unasema hukuweza kupiga. Kwenye barua unasema ulipiga mara nne. Nifuate ipi?"

"Fuata barua."

"Barua ina dole gumba tu, mama. Hii ina sura yako na sauti yako, na imeshaonwa na watu wengi sana." Halafu, kwa kumhurumia, akauliza, "Kuna mwingine aliyesikia hizo simu?"

Mama akamtajia namba yangu kwa kichwa, tarakimu zote, yeye asiyejua kusoma.

Nilikuwa jikoni nasugua sufuria. Simu ilikuwa juu ya kabati, vijiti vinne vimejaa, mtandao wa kupendeza ambao hatujawahi kuuota. Ikaita. Namba ya mezani, ya wilayani. Mume wangu alikuwa mezani na sare yake akinywa chai kabla ya zamu. Aliitazama simu, akanitazama mimi.

"Mnara ndio unaotulisha," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Ikaita hadi ikakatika. Ikaita tena. Nikaendelea kusugua sufuria iliyokuwa imeshatakata. Ilipoita mara ya tatu niliifunika kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku hiyo, na hesabu yangu huishia pale pale: dereva angalau alipokea.

Jioni mama alipitia kwangu, miguu imejaa vumbi. "Simu yako ilizimika?"

"Chaji iliniishia, mama."

"Pole, mwanangu." Alinitazama kidogo tu, akaenda zake. Najua alijua. Nilimchukia kwa kutonigombeza.

Siku tatu baadaye nilikuwa uani naanika nguo nikamwona mjukuu anakuja mbio, na nyuma yake bibi yake anatembea. Mtoto alikuwa amevimba kwa hasira na machozi.

"Mama mdogo! Bibi anasema mambo ya ajabu! Anasema pale kwenye mnara kulikuwa na jiwe, na alipiga simu, na yule dereva akakataa kuja kumchukua mama yangu. Yule yule aliyenipa mkono! Si kweli, mama mdogo. Mimi nimemwona bibi kwenye simu ya mwalimu, anasema mwenyewe hakukuwa na mtandao." Akamgeukia bibi yake. "Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema," mama akajibu.

"Sasa ulidanganya lini? Siku ile au leo?"

Mama Sindano alifika kwenye kamba ya nguo akasimama. Hakunisihi. "Muulize mama yako mdogo," akamwambia. "Yeye alikuwepo. Simu ilikuwa yake. Akisema kulikuwa na jiwe, lilikuwepo."

Mume wangu alikuwa ametokea mlangoni, anafunga vifungo vya sare. Mtoto akaniangalia. Ana paji la uso la rafiki yangu, na namna yake ya kuuma mdomo anaposubiri jibu. Dawati moja, miaka saba, niliutazama mdomo ule ukiumwa hivyo hivyo kila tulipongoja matokeo.

"Mama mdogo, kulikuwa na jiwe?"

Nilichuchumaa, nikamshika mabega. Nikatumia sauti ile tunayotumia watu wazima tunapozungumza juu ya mgonjwa naye yupo.

"Bibi yako amechoka, mwanangu," nikasema. "Uzee una mambo yake. Akisema hivyo usibishane naye, mwitikie tu."

Mama akafungua mdomo. Nilingoja anitukane, ningemshukuru hadi leo. Akaufunga.

Mtoto alishusha pumzi. Hasira yote ikamtoka, akawa mpole ghafla, upole ambao hakuwa nao alipokuwa akibishana na mtu mwenye akili zake. Akaenda akamshika bibi yake mkono kwa mikono yake miwili.

"Twende nyumbani, bibi," akasema. "Taratibu. Inua mguu, hapo kuna jiwe dogo." Na mama, ambaye asubuhi ile alikuwa ameshona magunia themanini bila kukosea mshono hata mmoja, akainua mguu mahali alipoambiwa, akamfuata.